Kikosi changu cha ODST ndani ya New Mombasa: mbona wahusika wote wanasikika kama mtu mmoja?

Msimulizi_Kizingo

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wanaoandika hadithi za mashabiki za kijeshi.

Hadithi yangu ni ya ulimwengu wa Halo (michezo ya video ya vita vya binadamu na viumbe wa anga), New Mombasa, yaani Mombasa ya siku zijazo, tarehe 20 Oktoba 2552, usiku ule ule wa mchezo wa Halo 3: ODST. ODST ni askari wanaodondoshwa vitani kutoka angani. Kikosi ni cha kubuni, watu watano. Sajenti Baraka ni kiongozi, Koplo Oduor ni mdunguaji, Koplo Neema ni mtu wa milipuko, Praiveti Haule anabeba silaha nzito, na Praiveti Zawadi ndiye mgeni.

Wasomaji watatu wamesema jambo moja: nikifuta majina kwenye mazungumzo, hawajui nani anazungumza. Wote majasiri, wote wanapaza sauti. Na Haule anapokufa sura ya nne hakuna aliyeguswa, ingawa nimeandika kurasa mbili za kilio.

Nawatofautishaje bila kumwandikia kila mmoja historia ya utotoni? Vyeo na namna ya kuitana niviwekeje kwa Kiswahili? Na jeraha na kifo viandikwe vipi ili msomaji aamini?

Lindo_la_Alfajiri

Mkuu, tatizo linaanza kabla ya mazungumzo. Umewapa watu wako tabia, huyu mcheshi, yule mkali, halafu umewaweka mahali ambapo tabia haina nafasi ya kujitokeza. Askari aliye kwenye mapigano kwa saa kadhaa anaonyesha alichofundishwa kukitazama. Kazi yake ndiyo inayoamua jicho litue wapi, na jicho likitua tofauti, maneno nayo yatatoka tofauti.

Chukua kituo cha Kikowani. Watano wako wanaingia kwa mlango mmoja. Baraka anahesabu watu wake na kutafuta njia ya pili ya kutokea. Oduor anatazama juu: madirisha, mapaa, na wapi taa iko nyuma yake ikamchora kivuli. Neema anaona bawaba za mlango, nguzo iliyobeba dari, nyaya zinapopita, yaani anaona kitakachoanguka. Haule anatafuta pa kutulia na kirusha roketi chake, na zaidi anatazama NYUMA yake, kwa sababu moto unaotoka nyuma ya mtutu wa roketi ndani ya chumba kidogo unaweza kuwaua wenzake kabla roketi haijafika kwa adui. Zawadi hatazami chumba. Anatazama mikono ya wenzake ili ajue afanye nini.

Andika chumba hicho mara tano, maneno 100 kila mara, kila mara kwa jicho la mmoja wao, bila majina. Mpe mtu asome. Asipotambua nani ni nani, bado hujawajua, na usiguse mazungumzo kwanza.

Kisha mwandikie kila mmoja kadi fupi: kazi yake, alichobeba na kilichobaki, anamjibu nani na nani anamjibu yeye, amelala lini, na kosa gani analoliogopa. Hilo la mwisho ndilo lenye utajiri wote. Waandishi wengi huandika "anaogopa kufa" na kuishia hapo, kana kwamba wote wanaogopa kwa namna moja. Mdunguaji anaogopa kwamba dirisha aliloliruka ndilo lililokuwa na mtu. Mtu wa milipuko anaogopa dakika aliyoikadiria vibaya. Sajenti anaogopa kwamba ametaja wanne na nyuma yake wako watatu. Mgeni anaogopa kuonekana mgeni. Hofu hizo ukizijua, kila mmoja atauliza swali lake mwenyewe, na maswali hutofautisha watu kuliko majigambo.

Usingizi usiupuuze. Mtu aliyekaa macho saa 17 hadi 19 mfululizo, kwenye vipimo vya wepesi hufanya kazi kama mtu mwenye kileo cha asilimia 0.05 katika damu. Kama kikosi kiliamshwa saa kumi na moja alfajiri, saa nne usiku tayari wamefika hapo. Haionekani kwa kupepesuka. Inaonekana mtu anapoomba arudiwe amri, akashika mambo mawili kati ya matatu, akamfokea mwenzake kwa jambo dogo. Chagua nani anaharibikiwa kwanza, na kwa namna gani.

Halafu risasi. M7S, bunduki ndogo ya ODST, inachukua risasi 48. Ukichukulia kasi ya risasi 900 kwa dakika, ni 15 kwa sekunde, kwa hiyo Zawadi akishikilia triga magazini imekwisha ndani ya sekunde tatu na kidogo. Hajamaliza kusema "nifuate nyuma ya ule ukuta" amebaki na chuma tupu. Mzoefu hupiga tatu au nne, anahama, anapiga tena. Mgeni humimina zote, kisha vidole vinakataa kushika magazini mpya, maana moyo ukienda mbio kazi ndogondogo za vidole ndizo za kwanza kuharibika. Weka hesabu ya risasi za kila mtu pembeni mwa rasimu. Magazini sita ni risasi 288. Ikifika sura ya tatu hujapunguza hata moja, wasomaji wanaojua wataacha kusoma hapo.

Ulimi_wa_Mvita

Mimi nishike hapo kwenye kuitana, maana Kiswahili kina mitego yake.

"Afande" kwetu ni kila aliye juu yako. Kuruta anamwita koplo wake afande, na jenerali naye ni afande. Jeshi la UNSC, yaani la binadamu katika Halo, limejengwa kwa mfano wa Kimarekani, ambako afisa ana namna yake ya heshima na sajenti huitwa kwa cheo chake. Ukiweka afande kwa wote, msomaji hatahisi tofauti ya Baraka na luteni wa miaka 24 aliyetoka chuoni, na mvutano wa hao wawili ndio chakula cha hadithi za kijeshi. Afande wape maafisa tu. Baraka aitwe "Sajenti". Siku Zawadi atakapopotewa na akili akamwita afande, hilo litakuwa tukio.

"Kapteni" ni mtego mkubwa zaidi. Kapteni wa nchi kavu anaongoza kombania. Kapteni wa jeshi la majini, kama Keyes wa Halo, yuko sawa na kanali na anaongoza meli nzima. Jeshi la Wanamaji la Kenya linatumia vyeo vya nchi kavu, na mkuu wake ni Meja Jenerali, kwa hiyo msomaji wetu wa kawaida anamjua kapteni mmoja tu. Sema wazi mara ya kwanza: "Kapteni wa meli". Na "Gunnery Sergeant", cheo cha Buck, kiongozi wa kikosi kwenye mchezo, usikitafsiri "Sajenti wa Mizinga". Hashughuliki na mizinga, ni sajenti wa ngazi ya juu tu. Mwite Sajenti Buck inatosha.

Master Chief, shujaa mkuu wa Halo, naye mwache kama alivyo. Ukiandika "Chifu", msomaji wa Kenya anaona baraza na kofia ya serikali. Na kumbuka cheo chake ni cha juu kabisa kwa wasio maafisa wa jeshi la majini, lakini SI afisa. Luteni mchanga ana mamlaka juu yake kisheria. Hadithi nyingi humwonyesha akiwaamuru makapteni. Watu humsikiliza kwa sifa yake, na hilo ni jambo tofauti na amri. Liandike kwa tofauti hiyo.

Sasa saa. Usiandike "adui, saa tatu" kuonyesha upande. Wanaotumia uso wa saa kwa upande humaanisha namba 3, yaani kulia. Msomaji wetu akisikia saa tatu, mshale mfupi anauona kwenye 9, yaani kushoto. Nusu ya wasomaji wako watapigwa risasi na upande usiokuwapo. Tumia kulia, kushoto, au kitu kinachoonekana: "kulia kwa lifti iliyoanguka". Muda wa kijeshi andika 22:00, na watu wako wautamke "ishirini na mbili kamili", usichanganye na saa nne ndani ya mazungumzo ya redio.

Redioni, anatangulia anayeitwa, anafuata anayeita, kisha ujumbe. Taarifa ya adui ipe mpangilio mmoja: upande, umbali, nini, kinafanya nini. "Mbele, mita 150, Jackal wawili, wamesimama." Jackal ni aina mojawapo ya adui; hakuna kivumishi hapo. Ukitaka tuone Oduor ameogopa, mfanye ataje umbali mara mbili.

Jambo la mwisho, na hili ni la upendo kwa mji. Kizingo na Kikowani ni majina ya Mombasa ya kweli yaliyoingia kwenye mchezo, na yule binti wa zile rekodi za sauti za mchezo anaitwa Sadie Endesha. Una bahati ya kuandika kwa lugha ya mji wenyewe. Lakini ODST wanatoka sayari mbalimbali, kwa hiyo si wote wawe wanakijua. Mmoja asome vibao vya barabarani, wengine wamtegemee. Na wenyeji wa mji wa kale wazungumze Kimvita: mzee anafungua mlango kidogo, anasema "ndoo, ndoo ndani", na Haule anadhani anaombwa ndoo ya maji, ilhali anaambiwa njoo. Sekunde mbili hizo za kutoelewana mlangoni, huku kuna doria inakuja, zinafanya kazi kuliko ukurasa wa maelezo.

Msimulizi_Kizingo

Nashukuru sana wakuu. Nimeanza kadi. Hiki ndicho kipande cha sura ya nne kilivyo sasa, mkikate bila huruma:

*Baraka aliwatazama askari wake kwa macho ya simba. "Tuko tayari kufa kwa ajili ya Dunia!" alinguruma. Wote wakaitikia kwa sauti moja. Haule akaruka ukuta, akamimina risasi mpaka mtaa ukanyamaza. Ghafla plazma ikampiga kifuani. "Niacheni… nendeni… mwambieni mama…" alisema, akafumba macho.*

Machela

Kifo hiki hakigusi kwa sababu hakikumgharimu yeyote kitu. Haule anakufa mara moja, anasema la kusema, wenzake wanaendelea na safari. Majeruhi wa kweli ni KAZI, na ni kazi nzito kuliko maiti.

Mhamishie jeraha. Kipande cha chuma kimpasue paja, mshipa mkubwa. Hapo ana dakika chache tu. Risasi zikiwa bado zinakuja, jambo la kwanza ni kujibu mapigo na kumwondoa kwenye uwazi, na tiba pekee inayofanyika ni mkanda wa kukaza damu. Unafungwa juu ya jeraha upande wa kiunoni, na kama jeraha halionekani vizuri, juu kabisa ya paja, kamwe si kwenye kiungo cha goti, unakazwa mpaka damu isimame. Unauma vibaya sana. Haule mwenyewe atajaribu kuufungua, na Zawadi lazima amkalie mkono. Hapo hapo una tukio lenye watu wawili kamili. Saa ya kufunga inaandikwa, mara nyingi kwenye mkanda wenyewe au paji la uso. Mkanda haulegezwi "apumue kidogo", kosa hilo liko kwenye hadithi chungu nzima.

Wakishajificha ndipo wanatazama njia ya hewa, kisha kifua, kisha wanamfunika. Ndiyo, wanamfunika, hata kwenye joto la Mombasa. Aliyepoteza damu hupoa, na damu iliyopoa haigandi vizuri. Zawadi anatokwa jasho huku anamfunika mwenzake anayetetemeka. Andika picha hiyo tu, haihitaji kivumishi. Biofomu ya Halo, povu linaloingizwa kwenye jeraha kuzuia damu, ihifadhi kwa jeraha la kiwiliwili: inauma ikiingia, na ni ya muda tu, daktari wa upasuaji bado anahitajika. Ukiifanya dawa ya kila kitu umejinyang'anya hadithi.

Sasa hesabu. Machela inataka watu wanne. Wamebaki wanne. Wakimbeba wote, hakuna mwenye mkono wa bunduki. Wakimburuta wawili, mwendo unakuwa wa kinyonga na wawili waliobaki ndio ulinzi wote. Na kirusha roketi cha M41 kibebwe na nani? Kinachukua roketi mbili, na ndicho kitu pekee walicho nacho kinachoweza kusimamisha Wraith, kifaru cha adui. Baraka anapaswa kuchagua kati ya Haule na silaha ya Haule, na Haule yuko macho, anasikia. Hapo ndipo ujasiri wako ulipo. Usimpe Haule hotuba. Mpe aseme roketi ya pili ina hitilafu kwenye kifuniko, wasiisahau.

Akifa, mambo ya kwanza ni ya mikono: magazini zinagawanywa, maji yanachukuliwa, redio inazimwa, idadi mpya inatajwa. Kwenye joto na zana zile mtu hupoteza zaidi ya lita moja ya jasho kwa saa, kwa hiyo chupa ya Haule haiachwi. Zawadi anakunywa maji ya Haule. Kurasa mbili za kilio zifute, huzuni isubiri mikono iwe mitupu. Na kutetemeka huja BAADA. Wakati wa mapigano mikono hukaza, macho huona kama kupitia bomba, masikio husikia milio kwa mbali. Dakika 20 baadaye, kila kitu kimya, ndipo Neema anashindwa kufungua kifuniko cha chupa.

Nyota_ya_Voi

Dogo tu kuhusu adui. Kama uko usiku baada ya meli ya adui kutoweka juu ya mji, ondoa Elite, aina mojawapo ya askari wa adui, walio hai kwenye mitaa yako. Kwenye Halo 3: ODST unawakuta wamekufa, na wanaotamba ni Brute, aina nyingine ya adui. Kikosi chako hakijui sababu, na hicho ni kitu kizuri: Oduor anakuta Elite watatu wamekufa na hakuna ganda la risasi la binadamu karibu. Mfanye atoe taarifa hiyo kwa Baraka, na Baraka asiwe na jibu.

Na Grunt nao, wale adui wadogo, wana kazi zao. Kiongozi akianguka hukimbia. Oduor akijua hilo hatapiga wa kwanza anayemwona; atamsubiri aliye mkubwa, huku Zawadi anashangaa kwa nini hapigi.

Lindo_la_Alfajiri

Nimekiandika upya kile kipande, kabla ya jeraha, kuonyesha jicho linavyofanya kazi. Uchukue au uuache:

*Ngazi za Kizingo zilikuwa giza. Baraka alihesabu visigino vilivyopita mbele ya uso wake. Viwili, vinne, sita. Vilipaswa kuwa vinane.*

*"Haule?"*

*"Anakuja," Oduor alisema bila kugeuka. Alikuwa na madirisha ya ng'ambo, ghorofa ya tatu. "Mzigo."*

*Haule akatokea chini, mtutu ukigonga chuma cha ngazi kila hatua. Neema akashuka vidato viwili, akaushika ncha ili usigonge.*

*"Usifyatue humu ndani."*

*"Najua."*

*"Nyuma yako ni ukuta, Haule."*

*"Najua, Koplo."*

*Zawadi alikuwa anabonyeza risasi za juu kwenye magazini kwa kidole gumba, kuona kama imejaa. Ilikuwa imejaa alipoibonyeza mara ya kwanza pia.*

Hakuna aliyenguruma. Futa majina yote, bado utamjua kila mmoja kwa anachokifanya. "Koplo" ya Haule ndiyo hasira yake yote. Mara ya kwanza alijibu bila cheo. Mstari wa simba ondoa, na ule wa kuitikia kwa sauti moja pia, watu wanaojificha kwenye ngazi hawaitikii. Na ukiamua kubaki na jeraha la kifua, basi lile neno la mama haliwezekani. Kifua kilichopasuka hakina hewa ya sentensi tatu. Mpe neno moja, na liwe la kazi.

Kisha sura ya tano, ngazi nyingine, Baraka ahesabu tena. Viwili, vinne, sita. Apande. Usiongeze sentensi baada ya hapo, nenda moja kwa moja kwa Oduor na madirisha yake.